Kesho Nitafundisha Bila Wewe

Hidaya mwanangu,

Umetoka kwenda kusukwa kule Rangi Tatu, na kwa jinsi ninavyomjua msusi wako, atakumalizia kwanza habari za mtaa mzima ndipo akumalizie kichwa. Kwa hiyo nina nafasi ya kutosha. Nimekaa hapa barazani, begi lako liko mbele yangu, na baba yako amelifunga kwa kamba ya katani kana kwamba unasafirisha mbuzi. Nimemwambia zipu ni nzima, akasema zipu za siku hizi hazina adabu. Mwache tu. Ndivyo anavyolia yeye.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala sufuria, wala kubeba sweta kwa sababu ya baridi ya Newala. Hayo baba yako ameyasema, shangazi yako ameyarudia, na wewe umeitikia "sawa" kwa sauti ileile unayotumia kumwondoa muuza vyombo mlangoni. Nataka tuzungumze la mchana.

Tulikuwa tunakula vizuri. Nikasema, kama habari ya kawaida tu, kwamba lile somo la mfano ambalo walimu wa kata nzima watakuja kunitazama nikifundisha kwa projekta halitakuwa tena wiki ijayo, litakuwa kesho saa nne. Ukaweka kijiko chini.

"Basi mie siendi kesho, Mama. Nitaenda keshokutwa."

"Na kuripoti kazini Ijumaa?"

"Nitawapigia niwaambie naumwa. Siku moja tu, ishu iko wapi?"

"Ishu ni kwamba huumwi."

"Mama, watakuja mpaka watu wa wilaya! Ikigoma hiyo projekta nani atakusaidia? Mie nikienda utakwama."

Nikakujibu kwamba utaondoka kesho na nimemaliza, kwa ile sauti yangu ya darasani ambayo najua huipendi, nikainuka na kuacha wali kwenye sahani. Baba yako akabaki anatafuta pa kutazama. Nisamehe kwa kukukatiza vile. Sikuwa na hasira na wewe. Nilikuwa na jibu refu, na majibu marefu siyawezi mezani. Nimeona bora niliandike, ulisome ndani ya basi ukiwa umeshapita Kibiti na huwezi tena kushuka.

Unajua kwamba projekta ile ilipoletwa shuleni kwetu ulikuwa chuoni. Nilikupigia simu siku hiyohiyo nikiwa nimefurahi mno. Mwalimu Mkuu aliipokea kwa mikono miwili kama anayekabidhiwa mtoto mchanga, akaifungia kabatini ofisini kwake, na rimoti yake akaiacha ndani ya mfuko wa nailoni iliyokuja nao ili vibonye visichakae. Kisha akaniita. Mimi ndiye mwalimu wa sayansi wa darasa la sita, kwa hiyo nianze mimi kuitumia. Nilipokuwa naishika akaniambia kwa upole, "Ila ikiharibika, Mwalimu, utaandika maelezo."

Wewe hujawahi kuwa mtumishi, ngoja nikueleze. Kuandika maelezo ni kukaa na karatasi nyeupe kumwambia mkubwa wako kwa nini mali ya umma imeharibikia mikononi mwako. Karatasi hiyo inaingia kwenye faili lako, na faili linakufuata kila shule utakayohamia. Nimewaona wanaume wenye ndevu wakitetemeka kwa jambo hilo.

Basi nikafanya ambacho mama yangu alinifundisha kukifanyia kitu chochote cha thamani. Nikaifumia kitambaa. Wewe umekulia kwenye nyumba ambayo televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, friji ina kitambaa na migongo ya makochi ina vitambaa, kwa hiyo hutashangaa. Nilikifuma kwa uzi mweupe, ukingoni nikatia kijani, na kwenye ncha nikapiga maua. Walimu wenzangu walikisifia. Mwalimu Mkuu mwenyewe alikigusa akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Shida ikaanza. Kila nikifundisha, katikati ya somo projekta inazima. Picha ya mapafu iko ukutani, kubwa kama mlango, watoto wameduwaa, mara ukuta mtupu. Nikawa nasema ni umeme, huku taa ya barazani inawaka mbele ya macho yao. Watoto wa darasa la sita si wajinga. Waliitazama taa, wakanitazama mimi, kisha wakafungua madaftari kwa heshima.

Aliitwa fundi, akaja mara mbili. Fundi akifika, mimi nakitoa kitambaa nakikunja pembeni, kama unavyotoa nguo kitini ili mgeni apate kukaa. Anaiwasha, inawaka mpaka anachoka kuitazama. Mara ya pili akaniangalia kwa jicho la huruma. "Madam, mashine ni nzima hii. Labda we ndo unabonyezaga vibaya." Akaondoka, na mimi nikaanza kuamini kwamba kweli nina mkono mbaya.

Ndipo ukaja likizo. Nilipokusimulia hukuomba kuiona projekta. Ulisema, "Nataka nikuone ukifundisha." Ukaja shuleni, ukakaa dawati la nyuma kabisa, magoti yanakaribia kidevu, ukanitazama. Hidaya, nimekaa na mafundi wengi, wa friji, wa cherehani, wa pampu ya maji, na wote hao hukimbilia kukitazama kifaa. Wewe ulikuja kumtazama mtu anayekitumia. Siku hiyo nilijua una kipaji, na nilijua kabla hujaona chochote.

Nikaanza somo. Nikashika chaki niandike kichwa cha habari ubaoni, na kama kawaida yangu, kwa kuogopa vumbi la chaki, nikavuta kitambaa nikaifunika projekta vizuri, nikaacha jicho lake tu. Nikasikia dawati linasukumwa.

"Mama! Umeifunika kote inapotolea joto! Inachemka, ndo maana inazima! Jamani, mama yangu!"

Ukaja mbele mbio, ukakinyofoa kitambaa, ukakinyanyua juu. Darasa lote likaangua kicheko. Ukacheka na wewe, na ulikuwa na haki ya kufurahi, maana ulikuwa umelipata jambo lililomshinda fundi. Hata mimi ningekuwa nyuma kule ningecheka.

Mpaka mapumziko habari ilikuwa imefika ofisi ya walimu. "Mwalimu, leo projekta haijasikia baridi? Ivalishe na soksi basi." Mwingine akauliza kama nimeshaifumia na kofia. Nilicheka nao, nilicheka kuwapita wote. Kisha nikaenda choo cha walimu, nikafunga mlango, nikalia. Mwanamke mzima, nimewafundisha kusoma nusu ya watu wanaoniamkia barabarani hapa Chamazi, na nalia kwa ajili ya kitambaa.

Ulirudi chuoni ukijua umelimaliza tatizo. Na kweli, projekta haikuzima tena. Haikuzima kwa sababu sikuiwasha tena. Muhula mzima. Nilimwambia Mwalimu Mkuu kwamba wenzangu nao wapate zamu, nikarudi kwenye chaki yangu nyekundu na mapafu ya kuchora. Ukipiga simu kuniuliza inaendeleaje, nakujibu, nzuri tu mwanangu. Sikukwambia kwa sababu ungeumia, na mimi nilikuwa najivunia wewe mno, sikutaka uumie. Nakwambia leo kwa sababu unakwenda kuifanya kazi hiyo, ya kuwasaidia walimu na vifaa vyao, kwa watu wengine, na hao hawatakuwa mama yako. Mimi nakupenda kiasi kwamba ungeweza kunifanya nichekwe na darasa zima na bado jioni nikupikie maandazi. Wao watakufungia mlango, na kifaa kitabaki kabatini.

Aliyenirudisha ni Mwalimu Lugano. Unamfahamu, yule kijana mrefu wa hisabati, anayetembea kama anaogopa kugonga dari. Siku moja alinifuata nikiwa nasahihisha, akachungulia nje kwanza, akafunga mlango.

"Shikamoo, Mwalimu. Naomba nikuulize kitu, ila kibaki hapa."

"Marahaba. Kibaki wapi tena, si nikijue kwanza?"

"Ile projekta kwangu inatoa bluu tu. Picha haiji. Watoto nimewaambia iko kwa fundi."

Nikamwuliza kwa nini amekuja kwangu, mimi ambaye shule nzima inanijua kwa kuifunika shuka. Akainama. "Nimekuja kwako kwa sababu najua we hutanicheka."

Nilikuwa sijui lolote kuhusu hiyo bluu, Hidaya. Nilitaka kumwambia asubiri nimpigie simu mwanangu. Lakini wewe ulikuwa kwenye mitihani, na yeye alikuwa ameshaichomoa projekta kwenye kabati na muda wa ofisi ulikuwa umekwisha. Tukaenda darasani wawili. Tukaiwasha, tukaizima, tukaiwasha. Tukageuza waya mbele nyuma. Mwisho nikaona kwamba ule waya wa kutoka kwenye kompyuta, pale unapoingia kwenye projekta, umekaa juujuu tu, haujazama.

"Mbona hujausukuma?"

"Naogopa, Mwalimu. Nikisukuma unalia, ka! Ukivunjika je?"

Mtu ana shahada, na alikuwa tayari kudanganya watoto muhula mzima kuliko kusukuma waya ukalia. Wala sikumwona mjinga. Nilimwelewa kabisa. Nikamwambia, "Tusukume wote. Ukivunjika tutaandika maelezo wawili." Tukausukuma. Ukalia ka, na picha ikaja. Lugano aliruka, kichwa kikagonga taa kweli, na tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Kesho yake nikamwomba Mwalimu Mkuu zamu yangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiangalia kwa nini vitu vya darasani vinawashinda walimu, na mara nyingi nakuta ni kwa sababu tunavionea huruma. Tunavifunika, tunaviacha kwenye nailoni, tunavisukuma nusu, tunazima haraka ili visichoke. Chuoni walikufundisha mambo ya mashine, na nina hakika uliyashika yote. Haya ya huruma utayakuta madarasani, na hayaonekani fundi akija, maana tunavaa vizuri kwa ajili ya fundi. Kaa dawati la nyuma kama ulivyokaa kwangu. Kisha ulichokiona, mwambie mwalimu mkiwa wawili, watoto wameshatoka. Akisema tatizo ni umeme na wewe unaona taa inawaka, mwachie umeme wake. Utamsaidia bila kumvua nguo.

Jambo la mikono yako sasa. Usinune.

Jumapili iliyopita nilikuomba unionyeshe namna ya kuiweka ile filamu ya mapigo ya moyo kwenye kishikwambi, ndiyo nitakayoionyesha kesho. Ukasema, "Lete hapa, Mama." Ukakichukua, vidole vikakimbia, ukanirudishia. "Umeona?" Nikasema nimeona. Sikuona kitu, Hidaya. Niliona kucha zako zimepakwa rangi nzuri, basi. Jioni nilikaa chumbani peke yangu nikajaribu, nikakosea, nikafuta picha za harusi ya binamu yako, na mwisho nikaweza. Picha zile usimwambie shangazi yako.

Walimu wa huko nao watakuambia wameona. Mtu mzima akiulizwa na binti mdogo kama ameona, atasema ameona.

Na hiyo "lete hapa" najua ulikoitoa. Uliitoa kwangu. Ulipokuwa na umri wa kujifunza chapati, nilikuwa nakuacha unazungusha mara moja, ikitoka ramani ya Afrika nakunyang'anya mti wa kusukumia: lete huku, utaniharibia unga. Nikamaliza mwenyewe, nyororo, za duara, watu wakasifu. Mpaka leo hujui kusukuma chapati, na unawaambia marafiki zako kwamba hupendi chapati. Mwanangu, unazipenda. Nimekuona ukizila. Ulikuwa na mkono mzuri na mimi sikuupa muda, nilikuwa na haraka ya kuonekana naweza. Nilifikiri nakusaidia. Ukifika jikoni kwako huko Newala, chukua unga, hata zikitoka na pembe nne ule hivyohivyo.

Kwa hiyo ukishikwa na hamu ya kumnyang'anya mwalimu kishikwambi, ifunge mikono yako nyuma. Mwache abonyeze yeye. Mwache akosee. Kumsubiri kutakuchosha, najua, mimi nimesubiri watoto wasome herufi moja mpaka jua likahama dirishani. Lakini siku ukihamishwa, yeye atabaki na kazi yake.

Ndiyo sababu huwezi kubaki kesho.

Ukibaki, utakaa pale pembeni, na mimi nitakutazama wewe badala ya kuwatazama watoto. Ikitetereka kidogo utaruka. Wale walimu wa kata watakwenda kwao wakisema somo lilikuwa zuri, yule mwalimu ana binti fundi. Wao hawana binti fundi. Wanakuja kuona kama mtu wa umri wao, mwenye miwani iliyofungwa uzi, anaweza. Na Ijumaa, kule juu, kuna mwalimu mwingine ambaye ameambiwa mtu wa kumsaidia anafika, naye ameshapanga somo lake akikutegemea. Huyo sitaki akae akikusubiri wewe unayeumwa uongo kwa ajili yangu.

Sitakuficha kwamba nitakukumbuka. Nyumba hii bila kelele zako na ile miziki yako ya singeli inayotikisa vyombo, sijui itakuwaje. Jana nilikusikia ukiimba bafuni nikasimama koridoni na ndoo mkononi kama mwizi, nakusikiliza tu. Nakupenda, Hidaya. Nakupenda ukiwa hapa na nitakupenda ukiwa huko, na kama hukulisikia hilo mchana kwa sababu ya sauti yangu ya darasani, lisikie sasa.

Kesho saa nne utakuwa njiani. Usinipigie. Najua utataka kuniuliza kama imewaka, na mimi sijui kama itawaka. Ikiwaka, nitafundisha moyo. Ikigoma, nitawageukia wale walimu wote, wa kata na wa wilaya, niwaambie: "Wenzangu, nimekwama. Njooni tuangalie." Maneno hayo sijawahi kuyasema mbele ya watu maisha yangu yote. Nimekuwa nikiyafanyia mazoezi jikoni tangu ulipotoka. Mara ya kwanza yalitoka kwa kigugumizi mpaka baba yako akadhani naongea na simu. Sasa yanatoka vizuri.

Niache nikwame, mama. Wewe nenda.

Ni mimi,
Mama yako